Harambee Stars na Nyasi za Kinoru: Barua ya Wazi kwa FKF na Kaunti za Meru na Embu

Kwa Rais na Kamati Kuu ya Shirikisho la Soka la Kenya (FKF). Kwa Magavana na Mabunge ya Kaunti za Meru na Embu. Nakala kwa Wizara inayosimamia michezo.



Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, ilicheza mechi 10 za kufuzu Kombe la Dunia la 2026 ikaambulia alama 12. Côte d'Ivoire iliongoza kundi kwa alama 26, Gabon ikafuata kwa 25, na Gambia nayo ikamaliza mbele ya Kenya. Kati ya mechi 5 zilizohesabiwa kuwa za nyumbani, Kenya ilishinda moja tu. Ushindi huo ulikuwa dhidi ya Ushelisheli, nchi ambayo watu wake wote hawafikii idadi ya wakazi wa eneo bunge la Imenti Kaskazini. Mechi za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2025 hazikuwa na nafuu. Katika mechi 6 yalipatikana mabao 4 na ushindi mmoja, na Kenya ikashika nafasi ya tatu nyuma ya Cameroon na Zimbabwe. Kisha ikaja Novemba 2025, Kenya ikacheza mechi ya kirafiki na Senegal nchini Uturuki, ikafungwa 8-0.

Matokeo hayo yana sababu, na nyingi kati yake ziko ofisini kabla hazijafika uwanjani. Barua hii inazitaja moja moja, kisha inaeleza kile ambacho mashabiki wa Meru na Embu wanakitaka kutoka kwa shirikisho na kutoka kwa serikali zao wenyewe za kaunti. Lawama hazielekezwi Nairobi peke yake. Kaunti hizi mbili zina viwanja na zina watoto, na zimekaa pembeni ya soka la Kenya kana kwamba ni la watu wengine.

1. Kikosi kimesimama juu ya mtu mmoja.

Kwa karibu muongo mzima Kenya imemngoja Michael Olunga afunge. Katika AFCON ya 2019 nchini Misri, Kenya ilipata mabao 3 katika mashindano yote, yote katika ushindi wa 3-2 dhidi ya Tanzania, na mawili yalikuwa yake. Mwaka uliofuata alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Japani akiwa na Kashiwa Reysol, kwa mabao 28, na akatawazwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Nchi yenye fowadi wa aina hiyo ilipaswa kuitumia miaka yake mizuri kumtafutia msaidizi wa karibu na kumlea mrithi. Olunga alizaliwa 1994, na umri wa mchezaji ni kitu kinachohesabika mapema. Mrithi hakuandaliwa.

Katikati ya uwanja pengo ni la zamani zaidi. Victor Wanyama, nahodha wa 2019, alistaafu kuichezea timu ya taifa mwaka 2021. Tangu hapo viungo wengi wamejaribiwa na baadhi yao wana uwezo, lakini hakuna aliyepewa muda wa kutosha wa kuimiliki nafasi hiyo mpaka wenzake wakamzoea. Upande wa kushoto wa ulinzi hali ni nyembamba kuliko hapo: Eric Ouma, ambaye mashabiki humwita Marcelo, akiumia, kocha hulazimika kuhamisha beki wa upande mwingine au kumchezesha kiungo mahali asipopazoea. Timu ya taifa isiyo na beki wa kushoto wa akiba inatangaza kwamba mashinani hakuna anayewafundisha vijana nafasi hiyo. Ulinzi kwa jumla ulipimwa na Gambia, iliyofunga mabao 6 katika mechi 2: sare ya 3-3 iliyochezwa Abidjan Machi 2025, na kipigo cha 3-1 katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, mwezi Septemba.

Mapengo ya namna hii hayazibwi kwa kumwita mchezaji wiki mbili kabla ya mechi. Beki wa kushoto wa AFCON ya 2027 anapaswa kuwa anacheza mahali fulani leo, akiwa na kocha anayemrekebisha anavyosimama na mtu wa shirikisho anayemfuatilia kwa daftari. Kama anaishi Maua kule Meru, au Runyenjes au Siakago kule Embu, uwezekano wa mtu huyo wa shirikisho kumwona ni mdogo mno.

2. Makocha hubadilishwa haraka, na gharama hulipwa baadaye.

Tangu kocha Adel Amrouche aondolewe 2014, benchi la Harambee Stars limepita mikononi mwa Bobby Williamson, Stanley Okumbi, Paul Put, Sébastien Migné, Francis Kimanzi, Jacob "Ghost" Mulee na Engin Firat, kabla ya Benni McCarthy kuteuliwa Machi 2025. Put alitwaa Kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, Desemba 2017 kwa kuishinda Zanzibar kwa mikwaju ya penalti mjini Machakos, na miezi miwili baadaye alikuwa ameondoka. Migné aliifikisha timu AFCON, mashindano ambayo Kenya ilikuwa haijayaona tangu 2004, naye akaagana nayo wiki chache baada ya kurudi Misri. Kila kocha huja na mfumo wake na wachezaji anaowaamini, na kila anapoondoka kazi huanza upya.

Kubadilisha makocha hivi kumekuwa pia hasara ya pesa. Amrouche alilishtaki shirikisho kwa kumfuta kinyume cha mkataba akashinda, na FKF ikaamriwa kumlipa zaidi ya shilingi milioni 100. Deni hilo lilifika mahali pa kutishia nafasi ya Kenya katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2022. Shilingi milioni 100 zingeweza kulipia mipira, waamuzi na gari la wagonjwa kwa ligi za kaunti nyingi kwa misimu kadhaa. Ziliishia katika kesi iliyotokana na barua ya kufuta kazi iliyoandikwa bila kuusoma mkataba vizuri.

3. Ugomvi wa uongozi ulizima soka la nchi.

Novemba 2021 serikali iliivunja kamati ya FKF na kuunda kamati ya muda chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya kwa kuingiliwa na serikali, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka mwishoni mwa Novemba mwaka huo. Kenya iliondolewa katika mechi za kufuzu AFCON ya 2023 bila kugusa mpira. Wachezaji waliokuwa katika kilele cha umri wao walipoteza mwaka ambao hautarudi. Mkataba wa kampuni ya kamari ya BetKing wa kudhamini Ligi Kuu, uliotangazwa 2020 kuwa wa miaka 5 na wa shilingi bilioni 1.2, ulikuwa umekwisha kuvunjika hata kabla ya hapo, haujamaliza mwaka wake wa pili.

Wapo wanaosema kwamba marufuku ya FIFA na ukosefu wa uwanja vinatosha kueleza kila kitu. Zimbabwe inalikanusha hilo. Nchi hiyo ilifungiwa na FIFA wakati uleule na Kenya, ikafunguliwa Septemba 2023, takriban miezi kumi baada ya Kenya. Nayo haikuwa na uwanja ulioidhinishwa, ikawa inachezea mechi zake za nyumbani nchi za watu. Hata hivyo ilimaliza juu ya Kenya katika kundi lilelile na kwenda AFCON ya 2025. Mataifa mawili yalibeba mzigo unaofanana, na moja likafika. Tofauti iliyobaki imo katika maandalizi na katika upana wa mahali wachezaji wanakotafutwa, na mambo hayo mawili yako mikononi mwa shirikisho.

Kamati ya sasa, iliyochaguliwa Desemba 2024 chini ya Hussein Mohammed na naibu wake McDonald Mariga, haikuyafanya makosa ya 2014 wala ya 2021. Imeyarithi. Urithi huo unaipa sababu ya kueleza hali ilivyokuwa ilipoingia, ila hauipi ruhusa ya kuiacha ilivyo.

4. Timu imecheza nyumbani kwa watu.

Mcheza kwao hutunzwa, nayo Harambee Stars ilikosa pa kutunziwa kwa kutokuwa na uwanja ulioidhinishwa. Juni 2024 iliwapokea Burundi na Côte d'Ivoire mjini Lilongwe, Malawi, ikatoka sare zote mbili. Cameroon ilipokelewa Kampala, ikashinda 1-0. Shabiki wa Embu ambaye angefika Kasarani kwa matatu ya asubuhi na kurudi usiku alizitazama mechi za nyumbani kwenye televisheni, zikitoka nchi nyingine.

Hapa ndipo Kinoru inapoingia. Uwanja huo wa Meru ulikuwa miongoni mwa viwanja vilivyotengwa kwa CHAN ya 2018, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani. Ukarabati ulichelewa nchi nzima, na Septemba 2017 Shirikisho la Soka la Afrika (CAF) likaipokonya Kenya uenyeji na kuupeleka Morocco. Kinoru ulikamilishwa baadaye kwa kiwango cha kutosha kuandaa sherehe za kitaifa za Madaraka za 2018. Miaka 5 baadaye, Juni 2023, zamu ilikuwa ya Uwanja wa Moi mjini Embu, nao ukatengenezwa kwa ajili ya Madaraka. Viwanja viwili upande mmoja wa Mlima Kenya vilifanyiwa kazi kubwa kwa fedha za umma, na kilichovisukuma mpaka vikamilike kilikuwa siku moja ya gwaride na hotuba.

Uwanja haumaliziki siku unapozinduliwa. Nyasi zinataka maji, mbolea na kupumzishwa kati ya mechi. Vyumba vya wachezaji vinataka mabomba yanayofanya kazi. Wakaguzi wa CAF huangalia taa, viti vya mashabiki, milango ya dharura, chumba cha matibabu na mahali pa wanahabari, na kimoja kikikosekana jibu huwa ni hapana. Mambo hayo hutunzwa kwa bajeti ya kila mwaka na kwa mtu mwenye jina anayewajibika. Yakiachwa mpaka msimu wa sherehe nyingine, fedha zilezile hutumika mara ya pili kukarabati kilichokwisha kukarabatiwa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la michezo na vifaa vyake. Kwa hiyo swali la nani anamwagilia nyasi za Kinoru na za Embu ni swali la kaunti, na mwananchi ana haki ya kujibiwa kwa tarakimu.

5. Meru na Embu hazimo katika ramani ya soka, na kikosi cha taifa kinalipia.

Katika timu 18 za Ligi Kuu msimu wa 2024/25 hakukuwa na timu hata moja ya Meru, Embu wala Tharaka-Nithi iliyo kati yao. Kutoka Nithi hadi Maua, na kutoka Kiritiri hadi Timau, kijana anayetaka kutazama mechi ya Ligi Kuu husafiri. Anayetaka kuicheza huhama. Kuhama kunataka ndugu wa kumlaza Nairobi, nauli, na mzazi aliye tayari kumwachilia mtoto wa miaka 16 aende kubahatisha. Wengi hawana hayo, nao huishia kwenye boda boda au kuvuna miraa na muguka, wakicheza Jumapili jioni kwenye uwanja wa shule wenye magoli ya miti.

Haisemwi hapa kwamba Meru na Embu zina vipaji vingi kuliko Kakamega, Kisumu au Mombasa. Kinachosemwa ni kwamba hakuna anayeweza kujua, kwa sababu vipaji vya huku havijapimwa kwa utaratibu. Kaunti ya Meru pekee ilikuwa na zaidi ya watu milioni 1.5 katika sensa ya 2019. Timu ya taifa inayokosa beki wa kushoto haiwezi kumudu kuwaacha vijana wa eneo la ukubwa huo bila kuwatazama.

Jirani ameonyesha njia. Murang'a SEAL ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023 na kuipa kaunti ya Murang'a mechi za nyumbani katika uwanja mdogo wa St. Sebastian Park. Haikungoja uwanja wa kimataifa. Ilikuwa na mwenye timu na ratiba. Meru ilianza na Kinoru na bado haina timu. Murang'a ilianza na timu, na uwanja wa kiasi ukatosha. Mpangilio huo unastahili kusomwa na kila mjumbe wa bunge la kaunti anayepitisha mamilioni ya saruji bila kuuliza ni nani atakayecheza juu yake.

6. CHAN ilionyesha kinachowezekana.

Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN pamoja. Kenya, ikitumia wachezaji wa ligi ya ndani pekee, iliifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 1-0, ikatoka sare ya 1-1 na Angola, ikaifunga Morocco 1-0 ikiwa na wachezaji 10 uwanjani kwa zaidi ya nusu ya mechi, kisha ikaishinda Zambia 1-0 na kuongoza kundi. Morocco ndiyo iliyotwaa kombe hatimaye. Kenya ilitolewa na Madagascar katika robo fainali kwa mikwaju ya penalti. Ryan Ogam, aliyefunga dhidi ya Morocco na Zambia, alisajiliwa na Wolfsberger AC ya Austria mwezi uleule.

Wachezaji hao hawakuanguka kutoka mbinguni. Walikuwa kwenye ligi hiyohiyo inayodharauliwa. Walipata kambi ndefu, kocha mmoja, uwanja wao na mashabiki wao, pamoja na ahadi ya Rais wa nchi ya shilingi milioni 1 kwa kila mchezaji kwa kila ushindi. Yalipotimia hayo, timu ya Kenya ilifanana na timu.

Hata katika mwezi huo mzuri usimamizi uliiponza Kenya. Watu waliingia Kasarani bila tiketi, CAF ikaitoza Kenya faini na kupunguza mashabiki wa mechi ya Zambia hadi 27,000 katika uwanja unaobeba takriban 48,000. Wiki mbili baada ya Madagascar, timu kamili ya taifa ilifungwa 3-1 na Gambia kwenye nyasi zilezile. Zawadi za mamilioni zilitolewa kwa mwezi mmoja. Ligi za vijana za kaunti zilibaki na waamuzi wanaolipwa nauli kwa mchango wa timu. Mchango huo huitwa uzalendo. Jina lake halisi ni kutelekezwa.

7. Yanayoombwa.

FKF inaombwa itangaze kalenda ya majaribio ya wazi kwa vijana wa chini ya miaka 15, 17 na 20 katika Kinoru na katika Uwanja wa Moi, Embu, angalau mara mbili kwa mwaka, yakisimamiwa na makocha wa timu za taifa wenyewe na si wawakilishi wa tawi peke yao. Majina ya waliochaguliwa na sababu za kuchaguliwa yabandikwe hadharani, maana majaribio ya siri huzaa watoto wa wakubwa. Inaombwa pia ipeleke mechi kadhaa za Ligi Kuu kila msimu Meru na Embu, kwa makubaliano na vilabu vinavyokosa viwanja Nairobi, na kuiweka Harambee Stars kambini au kwenye mechi ya kirafiki Kinoru kabla ya 2027, ikiwa uwanja utapita ukaguzi. Usipopita, ripoti ya ukaguzi itolewe ijulikane ni kipi kilichokosekana.

Kuhusu benchi la ufundi, ombi ni fupi. McCarthy aachwe amalize kazi kwa malengo yaliyoandikwa, na akiachishwa, aachishwe kwa mujibu wa mkataba.

Serikali za Meru na Embu zinaombwa ziweke katika bajeti fungu la kila mwaka la kutunza viwanja hivyo viwili, likitenganishwa na fungu la ujenzi, na kuchapisha mapato na matumizi yake. Ada ya kukodi uwanja kwa timu za vijana na za shule iondolewe au ipunguzwe mpaka ilipike. Ligi ya kila wadi ipewe mipira, malipo ya waamuzi na mhudumu wa huduma ya kwanza. Shule ambazo zimejaa wanafunzi wa kila pembe, kama Kangaru kule Embu na Meru School, ziingizwe katika mpango huo ili kijana asilazimike kuchagua kati ya masomo na mpira. Na kabla ya jiwe jingine la msingi kuwekwa kwa ajili ya uwanja wowote mpya, bunge la kaunti lipewe kwanza orodha ya timu zitakazoutumia.

Kenya itakuwa mwenyeji wa AFCON ya 2027 pamoja na Uganda na Tanzania, heshima iliyotolewa Septemba 2023. Imeshiriki AFCON mara 6, tangu 1972 hadi 2019, na haijawahi kuvuka hatua ya makundi hata mara moja. Kijana aliyekuwa na miaka 16 katika Kidato cha Tatu wakati wa CHAN atakuwa na 17 au 18 timu za AFCON hiyo zitakapoingia uwanjani. Majaribio ya kwanza yafanyike Kinoru likizo ijayo ya shule.